Nusu Milimita Ndani ya Habu

Mazungumzo ya leo yanaingia katikati ya gurudumu la nyuma la baiskeli, pale spoku zote zinapokutana. Mafundi wanapaita habu. Ndani yake mna ekseli, koni mbili, gololi na mabakuli ya kuzilaza, na upande wa kulia kumefungwa friwili, ile inayolia tik tik tik ukiacha kunyonga. Ni vitu vidogo; koni na gololi zote ukizimimina kiganjani zinaenea. Lakini juu yake ndipo linapokaa gunia la mkaa, ndipo inapokaa mikungu ya matoke inayoteremka kutoka Bufumbo kule mlimani, ndipo wanapokaa samaki wa Masese upande wa ziwani, na mara nyingine ndipo anapokaa mama mwenye mtoto mgonjwa anayekimbilia zahanati.

Nianze na shutuma ili tusizungushane. Habu nyingi zinazokufa mapema katika miji yetu, Jinja, Iganga na Mbale, zinauawa dukani. Mteja anasema, "Nipe koni za nyuma." Muuzaji anampa koni za nyuma, anahesabu pesa yake, anageukia mteja mwingine. Hakuna kati yao aliyeuliza: za nyuma za baiskeli ipi?

Zamani swali hilo halikuwa na maana. Mkulima wa pamba wa Busoga au Bukedi aliyepata pesa yake enzi za ukoloni alinunua baiskeli ya Kiingereza, Raleigh ya Nottingham au ndugu zake, nyeusi, yenye breki za fimbo na magurudumu ya inchi 28. Baadaye nafasi ya Mwingereza ikachukuliwa na Mhindi, zikaja Hero, Avon, Atlas, na hii Roadmaster tunayoiona kila kona. Hero Cycles ilianza Ludhiana, Punjab, mwaka 1956, na ilipofika 1986 kitabu cha rekodi cha Guinness kikaitaja kuwa kampuni inayounda baiskeli nyingi kuliko zote duniani. Linalotuhusu sisi ni kwamba Wahindi walirithi vipimo vya Mwingereza na hawakuvigusa. Ekseli ya nyuma ikabaki na unene wa inchi 3/8, yenye nyuzi 26 katika kila inchi. Gololi za nyuma zikabaki za robo inchi, tisa kila upande. Spoku 40 nyuma na 32 mbele. Friwili ikaendelea kufungwa kwenye nyuzi zenye kipenyo cha inchi 1.37, nyuzi 24 kwa inchi, kipimo ambacho mafundi wa Ulaya hadi leo wanakiita cha BSA, kwa jina la kiwanda cha Birmingham kilichokuwa kikiunda bunduki na baiskeli chini ya paa moja.

Ndiyo maana fundi wa Iganga aliweza kuchomoa koni kwenye baiskeli ya mwaka 1960 na kuifunga kwenye baiskeli ya mwaka 1990, ikakaa. Ndiyo maana hata ile miaka ya magendo, baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972 na spea kuwa adimu, baiskeli moja iliyokufa iliweza kufufua nyingine. Na biashara yetu maarufu, boda boda, ambayo ilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960 na 1970, baiskeli zikivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya, isingedumu kama kila baiskeli ingedai koni yake peke yake.

Kisha mtumba ukaingia. Baiskeli za gia kutoka Ulaya, kutoka Japani, zingine nzuri kabisa, alumini tupu, nyepesi, zinashushwa kwenye makontena na kupangwa barabarani. Pamoja nazo zikaja spea mpya kutoka Uchina na Taiwani kwa ajili ya baiskeli za namna hiyo. Sasa kwenye kibanda kimoja, ndani ya kopo moja la rangi lililokatwa, utakuta koni za ulimwengu wa inchi zimechanganyika na koni za ulimwengu wa milimita. Kwa macho zinafanana. Bei zake hazipishani sana. Na hapo ndipo kifo cha habu kinapoanzia.

Twende Mbale, kwenye vibanda vya mafundi karibu na soko. Kijana anayebeba mkaa ameleta gurudumu lake la nyuma. Linayumba mpaka tairi linasugua fremu.

"Mzee, koni hizi nimezinunua juzi tu."

"Na ekseli?"

"Ekseli ni ile ile. Haijapinda, nimeiangalia."

Mzee anafungua, anapangusa ekseli kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, anachukua koni na kuizungusha kwa vidole viwili. Inaingia. Inaingia laini, bila kugoma, mpaka unaamini imepata mwenzake. Halafu anaishika kwa kucha na kuitikisa. Koni inacheza juu ya ekseli, unaisikia ikigonga chuma, ka, ka, ka.

"Koni hii ni ya milimita kumi, mwanangu. Ekseli yako ni ya inchi. Imekubali kuingia, haijakubali kukaa."

Ngoja nirudie polepole, maana redio haina picha. Inchi 3/8 ukiigeuza kuwa milimita unapata 9.525. Ekseli za nyuma za baiskeli nyingi za gia zina milimita 10 kamili. Tofauti haifiki hata nusu milimita. Nyuzi nazo zimekaribiana mno: kwenye ekseli ya inchi, ukizungusha nati mara moja inasogea milimita 0.977, na kwenye ile ya milimita 10 inasogea milimita moja. Tofauti hiyo jicho haliioni na rula ya shule haiipimi. Kwa hiyo koni ya milimita ikiwekwa kwenye ekseli ya inchi itapanda vizuri, lakini nyuzi zake zinashikana kwa ncha tu. Pakia kilo mia juu yake, ishuke shimo moja la barabarani, na zile ncha zinalika. Koni inainama. Gololi ambazo zilipaswa kugawana mzigo, sasa mbili au tatu za upande mmoja ndizo zinaubeba wote, na bakuli la ndani ya habu linaanza kuchimbika.

Ukifanya kinyume chake, yaani koni ya inchi kwenye ekseli ya milimita 10, inagoma mlangoni. Hapo angalau chuma kinakuambia ukweli. Lakini nimeshaona watu wakikijibu kwa spana ndefu na nyundo, wakidhani ni kutu.

Yule mzee wa Mbale amepigilia msumari kwenye nguzo ya kibanda chake, na kwenye msumari ananing'iniza waya wenye nati mbili. Moja ya inchi, moja ya milimita. Ile ya inchi ameipaka rangi nyekundu ili isimchanganye jioni giza likiingia. Ekseli yoyote ikifika, kabla ya maneno mengi, inapitishwa pale. Nati inayofaa itaingia kwa vidole mpaka ndani na haitacheza. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kuwasha jiko, na haihitaji umeme wala shule ya ufundi.

Sasa tuseme vipimo vinalingana, baiskeli ni hii nyeusi yetu, na habu imechakaa kwa uzee wa kawaida. Badilisha nini, acha nini? Hapa ndipo watu wanapojipunja kwa kutaka kuokoa shilingi. Fungua koni, ioshe kwa mafuta ya taa, ipeleke kwenye mwanga. Njia ambayo gololi hupita inatakiwa iwe mstari mmoja unaong'aa, sawasawa, mzunguko mzima. Ukiona vishimo, hata vidogo kama mbegu za ulezi, hiyo koni imekwisha. Kama macho yako yamechoka kama yangu, chukua kalamu ya biki na uipitishe ncha yake taratibu kwenye ule mstari. Ikikwama mahali, pana kishimo. Fanya vivyo hivyo kwenye bakuli ndani ya habu. Ekseli yenyewe ibiringishe juu ya kioo cha meza ya duka. Ikiruka-ruka, imepinda, na ekseli iliyopinda haitengenezwi kwa nyundo. Ikinyooka leo, itakatika kesho ukiwa katikati ya daraja.

Gololi ni lazima zibadilishwe zote. Nasema zote, kumi na nane, hata kama tano tu ndizo zilizopoteza mng'aro. Usinunue tano. Gololi mpya ni nene kuliko ile iliyolika, kwa kiasi kisichoonekana, lakini kinatosha kabisa kuifanya ibebe mzigo wa wenzake, na ikishaubeba peke yake haichukui muda inapasuka, na vipande vyake vinasaga koni uliyoitoa dukani asubuhi. Na ukizipanga, usizisonge. Zikijaa bakuli mpaka hakuna hewa, zinasuguana zenyewe kwa zenyewe. Tisa kila upande zinaacha nafasi kidogo, nayo hiyo nafasi ina kazi yake.

Kilainishi pia kina adabu yake. Ndani ya habu tia grisi, grisi safi. Habu za zamani za Kiingereza zilikuwa na tundu la mafuta juu ya mwili wake lenye kikofia cha chuma, kwa sababu ziliundwa zinyweshwe oili mara kwa mara. Kama unayo habu ya namna hiyo bado, hongera, inyweshe. Hizi zisizo na tundu zinataka grisi. Oili chafu ya injini iliyotolewa kwenye pikipiki imejaa masizi na unga wa chuma. Kuitia ndani ya habu ni kuipaka msasa. Kwenye friwili mambo yanageuka. Mle ndani kuna vikucha viwili vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba kama nywele, na grisi nzito ikiingia vinanata, havirudi haraka kushika jino. Hapo unanyonga, miguu inazunguka bure, baiskeli haiendi, na lori liko nyuma yako. Friwili ioshe kwa mafuta ya taa, itie oili nyepesi, basi.

Ukimaliza kufunga, jaribu kwa vali. Inua gurudumu la nyuma, cheni ikiwa nje, weka vali upande wa pembeni, halafu achia. Uzito wa vali peke yake unatakiwa ushushe gurudumu mpaka vali iwe chini. Isiposhuka, umekaza mno. Kisha shika tairi kwa juu uisukume kushoto na kulia. Ikicheza, umelegeza mno. Kati ya hayo mawili kuna robo ya mzunguko wa koni, na kuipata robo hiyo ndiyo kazi unayomlipa fundi. Utamjua fundi mwenyewe kwa spana zake: kuna spana nyembamba alizozisaga kwenye jiwe la kunolea ili ziingie kati ya koni na nati. Anayekaza koni kwa plaisi, mkimbie.

Maji nayo ni adui wa kimya. Wenzetu wa Mbale hawajasahau mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika usiku, ikachukua watu, nyumba na mali. Baiskeli iliyolala kwenye maji ya tope namna ile, hata ikikauka na kuzunguka vizuri, ina mchanga ndani ya habu. Ifunguliwe siku hiyo hiyo. Ukingoja isikike ikilia, umechelewa.

Turudi kwa hizi baiskeli za gia, maana huko ndiko maswali yanakotoka. Wapo vijana wa Jinja wanaozinunua, wanafunga keria nzito nyuma, wanabeba abiria au kreti za soda, na ndani ya muda mfupi ekseli inakatika. Wanasema mtumba hauna nguvu. Nguvu zipo, ila mahali pake si hapo. Kwenye habu ya baiskeli nyeusi, friwili ina sahani moja tu ya meno, kwa hiyo gololi za upande wa kulia zimekaa karibu kabisa na mdomo wa fremu. Kwenye habu ya gia yenye friwili ya kufunga kwa nyuzi, yenye sahani sita au saba, gololi zimesukumwa ndani ili sahani zote zipate nafasi. Kipande kirefu cha ekseli kinabaki kinaning'inia bila msaada kati ya gololi na fremu. Mzigo unakishindilia pale pale, na pale pale kinakatika, karibu kila mara upande wa kulia.

Wajapani waliliona hilo mapema. Shimano, kampuni iliyoanzishwa mjini Sakai mwaka 1921 na ambayo bidhaa yake ya kwanza kabisa ilikuwa friwili, mwishoni mwa miaka ya 1970 ilileta habu ambayo ule utaratibu wa tik tik umehamishwa kuwa sehemu ya habu yenyewe, na gololi za kulia zikasogezwa nje hadi karibu na fremu. Sahani za meno zinavalishwa tu juu yake. Mafundi wanaiita kaseti. Hii inavumilia mzigo kuliko ile nyingine, na ukipewa nafasi ya kuchagua baiskeli ya gia ya kubebea mizigo, tafuta yenye kaseti.

Utazitofautishaje bila kufungua? Chungulia katikati ya sahani za meno upande wa kulia, utaona vijino ambavyo kifaa cha kufungulia hushika. Zungusha sahani kinyumenyume. Vijino vikizunguka pamoja na sahani, hiyo ni kaseti. Sahani zikizunguka na vijino vikasimama, hiyo ni friwili ya nyuzi. Mweleze muuzaji hivyo, maana spea za moja hazina undugu na spea za nyingine. Hata ndani ya kaseti zenyewe, ya sahani saba ina kiti kifupi kuliko ya nane, tisa au kumi, na ukitaka kuweka saba kwenye kiti cha nane unahitaji washa ya milimita 4.5 nyuma yake, la sivyo zitacheza.

Kisha upana. Habu ya baiskeli nyeusi inakaa kwenye mdomo wa fremu wa takribani milimita 110 hadi 120. Baiskeli za mbio za zamani zenye gia ni 126, za baadaye 130, na za milimani ni 135. Pima fremu yako kwa ndani, kutoka chuma hadi chuma, kabla ya kununua habu. Fremu ya chuma hupanuka kidogo ukiivuta, na mafundi wengi wanafanya hivyo kwa miguu na mikono. Fremu ya alumini usithubutu kuivuta. Haipindi ikakurudishia shukrani, inapasuka.

Na cheni, neno moja tu: cheni ya baiskeli nyeusi ina upana wa ndani wa inchi 1/8, ya gia ni nyembamba, 3/32. Ile nyembamba haikai kwenye jino nene. Ukitaka kujua cheni imechoka, chukua rula ya inchi, weka sifuri kwenye pini, na uangalie pini iliyo kwenye inchi 12. Ikizidi inchi 12 kwa 1/8 nzima, cheni imekwisha, na inawezekana kabisa imeshayala meno ya friwili. Cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa itaruka ukipanda mlima wa kwanza.

Nimetaja mlima, nikakumbuka breki ya ndani ya habu, ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Kwa Jinja, ambako miteremko mingi ni mifupi, ni breki nzuri: mvua haiigusi, haina waya wa kukatika. Kwa mtu anayeshuka mlima wa Wanale, juu ya Mbale, na kilo themanini za ndizi, ni habari nyingine. Msuguano wote unatokea ndani ya habu, joto halina pa kwenda, grisi inayeyuka na kutoka ikiwa moshi. Miaka ya 1970 vijana wa kaunti ya Marin, California, walikuwa wakishuka mlima kwa baiskeli kuukuu zenye breki hizo, na kila baada ya mteremko iliwabidi wafungue habu waipakie grisi upya. Mashindano yao, yaliyoanza mwaka 1976, wakayaita Repack kwa sababu hiyo. Kutokana na michezo yao ndiyo ikazaliwa baiskeli ya milimani, hii hii inayotufikia leo kama mtumba chini ya Mlima Elgoni. Basi ndugu yangu wa Wanale, usiiachie breki ya habu kazi yote. Iwepo na ya ringi, na ukifika chini, gusa habu kwa nyuma ya kidole. Ikikuchoma, isubiri ipoe na uipeleke kwa fundi wiki hiyo.

Kuhusu kununua habu nzima mpya nitakuwa mfupi. Hesabu matundu. Habu ya matundu 36 haifungwi kwenye ringi ya matundu 40, hata fundi awe mchawi. Linganisha pia kipenyo cha sahani za pembeni zinazoshika spoku, maana zikiwa kubwa au ndogo kuliko za awali, spoku zako za zamani hazitafika au zitazidi, na utalipia spoku 40 mpya na nusu siku ya fundi juu ya bei ya habu. Wengi wanashtuka hapo.

Kuna waliochagua kulikwepa tatizo hili lote. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 na lenye makao yake Chicago, linasambaza baiskeli ya Buffalo katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo. Ni baiskeli nzito, imeundwa kwa ajili ya barabara kama zetu, na spea zake zinasambazwa pamoja nayo. Fundi aliyefunzwa hajiulizi koni ni ipi. Ninaikubali hoja yao. Hapa Jinja tunalo shirika la FABIO, ambalo kwa miaka mingi limeitetea baiskeli kama chombo cha usafiri, pamoja na zile baiskeli za kubebea wagonjwa. Lakini mtu wa kawaida wa Budaka au Namutumba hanunui baiskeli ya mradi. Ananunua iliyopo, anaitengeneza kwa spea iliyopo, na iliyopo ni mchanganyiko. Kwa hiyo suluhisho letu haliwezi kungoja siku ambayo baiskeli zote zitakuwa moja tena. Litafanyika mezani pa duka.

Wewe mwenye baiskeli, usiende dukani mikono mitupu. Beba koni ya zamani, beba ekseli ya zamani, hata kama imekatika vipande viwili. Weka mpya na kuukuu pamoja juu ya meza. Pitisha koni mpya kwenye ekseli utakayotumia, itikise kwa kucha. Linganisha mzingo wake na ule wa zamani, maana koni mbili zaweza kuwa na tundu moja na migongo tofauti, na mgongo usiolingana na bakuli unazishika gololi mahali pasipo pake. Muuzaji akikukataza kujaribu, ondoka. Kuna vibanda vingine.

Na wewe mwenye duka la spea, pale Jinja karibu na soko, pale Mbale, pale Iganga stendi, nakuomba jambo dogo. Tenganisha makopo. La inchi lake, la milimita lake, na uandike kwa rangi juu yake. Halafu chukua waya, funga nati mbili, nyekundu ya inchi na nyingine ya milimita, uzining'inize mbele ya meza ambapo kila mteja anazifikia bila kukuomba ruhusa.